Mchanga Uliooshwa

Mzee Kihara alitaka maji yafungwe, na alitaka yafungwe kabla ya chai ya saa nne.

"Madam, hii kitu ni rahisi," alisema. "Unafunga maji ya building yote, unakata bomba, unaangalia ndani, unaenda zako. Mbona unanizungusha?"

Valary Awiti alilitazama kwanza bomba la darini. Alikuwa mpelelezi wa moto, ametumwa na kampuni ya bima, na alikuwa amepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kutia kitu tumboni. Waliomjua walisema njaa ndiyo humtia adabu. Akishiba huwa hashikiki.

"Mzee, hapo chini kwa second floor kuna wasichana wanashona," alisema kwa upole. "Nikifunga maji alafu moto ishike tena, utawanyunyizia nini? Hiyo chai?"

Kihara alicheka bila kutaka. Alikuwa mwenye ploti wa tangu zamani, mtu wa Kawangware toka Kawangware ilipokuwa shamba la babu yake, na katika jengo lake hili la kituo cha 46 alizoea kutoa amri. Kukataliwa kwa heshima kulimchanganya.

"Na kuna ingine," Valary akaendelea. "Chenye kiko ndani ya hiyo bomba nataka kukiona pale kimelala. Ukimwaga maji, kinaenda na maji. Kesho nitaambia korti nini?"

Maana korti ilikuwa kesho. Wiki iliyopita pasi ilisahauliwa juu ya kitambaa katika karakana ya Wangoi, mshonaji wa sare za shule hapa ghorofa ya tatu, na moto ukashika. Vinyunyizio vya darini vilifunguka kwa joto kama vilivyotengenezwa kufanya, lakini badala ya mvua vikatema matone, kisha vikanyamaza. Majirani waliupiga moto kwa ndoo na mitungi mpaka gari la zimamoto likafika. Hakuna aliyeumia, ila sare za muhula mzima ziliteketea. Polisi wakamshika Nyamai, keateka, yaani mtunzaji wa jengo. Walisema alifunga valvu ya ghorofa hii makusudi ili kumkomoa Wangoi, kwa kuwa wawili hao walikuwa wamekosana kuhusu vipande vya nguo kutupwa kwenye ngazi, halafu akaifungua tena wakati watu wanahangaika na moshi.

Ushahidi wao haukuwa mbaya. Ufunguo wa mnyororo wa valvu ulikuwa kwa Nyamai peke yake. Asubuhi ya moto Wangoi alimwona kwa macho yake ameishika valvu. Nyamai alijitetea kwamba alikuwa anapima mfumo kama kawaida: anahakikisha valvu iko wazi, kisha anafungua bomba dogo la kupimia lililo mwisho wa mstari, maji yanapita na kumwagika mtaroni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Muuza viazi aliyeweka jiko lake kwenye mdomo wa mtaro huo aliapa kwamba siku hiyo, na siku nyingine zote, hajaona hata tone. Nyamai alipoulizwa maji yalikwenda wapi, aliinamisha kichwa. Njia ya mwongo ni fupi, polisi wakasema, wakamfungia.

"Walubengo," Valary akaita, "umefika wapi?"

Walubengo, fundi wake, alikuwa juu ya ngazi amelikumbatia bomba la darini. Alilipaka mafuta mazito, akakandamiza hapo kifaa kidogo kama kibiriti, akatazama skrini iliyoning'inia shingoni mwake. Kifaa kilipeleka ndani ya chuma sauti ambayo sikio halisikii. Ikikuta maji ilirudi kivyake, ikikuta kitu kigumu ilirudi vingine. Maji yenyewe yalibaki ndani na nguvu zake zote, tayari kwa kazi.

"Mwanzo wa line ni poa," Walubengo alisema. "Maji tu. Kutoka hii kona naanza kupata kitu kwa tumbo ya bomba. Juu maji, chini kuna kitu imelala."

"Kutu?"

"Kutu hushika pande zote. Hii imelala chini tu, kama mtu amelewa."

Akawa anachora kwa chaki kila alipopima. Mstari wa chaki ulianza chini ya bomba na kupanda kadiri alivyosogea, na alipofika karibu na bomba la kupimia ulikuwa umepita katikati. Hapo akashuka, akafunga kwenye mdomo wa bomba hilo kichwa cha shaba chenye mpira wa kubana, akaupitisha waya wa kamera katikati ya mpira, kisha akafungua taratibu. Mpira ulishika. Maji kidogo tu yaliruka, yakaenda moja kwa moja kwenye kofia ya Mzee Kihara.

"Pole, Mzee," Walubengo alisema. "Imebatizwa."

Wote watatu waliinamia skrini. Kamera iliingia kwenye maji safi, ikapinda kona, ikaona. Chini ya maji ulikuwa umelala mchanga, mweupe, mzito, umetandazwa vizuri utadhani kuna mtu aliusawazisha kwa mkono.

"Mchanga?" Kihara akauliza. "Kwa bomba yangu?"

Wangoi alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, futi yake ya kupimia imezunguka shingo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye hasira ya haki, na alikuwa ameshikilia kopo la vifungo.

"Fundi mwenye alikuja kubadilisha hizi sprinkla aliacha zile zilichomeka kwa dirisha," alisema. "Nikaziweka. Mimi situpi kitu."

Valary alitoa kinyunyizio kimoja katika lile kopo, akakitazama dhidi ya mwanga wa dirisha. Mwanga haukupita.

"Naomba sindano," alisema.

Alidunga. Sindano haikuingia. Akadunga tena kwa nguvu, punje chache zikadondoka kwenye kiganja chake, nyeupe, sawa na zile za kwenye skrini. Vingine vilikuwa vivyo hivyo, vimeshindiliwa mpaka mdomoni. Valary alihisi ile furaha yake ya zamani, furaha ya mtu aliyepata ncha ya uzi.

"Wangoi, ukiweka mchanga kwa chupa na uilaze, mchanga unaenda wapi?"

"Unalala."

"Na ukitaka uingie kwa shingo ya chupa, ushikane hivi?"

Wangoi alifikiri. "Lazima kitu iusukume."

"Maji. Maji ya nguvu. Sprinkla zilifunguka, maji ikakuja mbio, ikabeba mchanga ikaujaza kwa mdomo. Valvu ingekuwa imefungwa, hakuna kitu ingesukuma. Hizi midomo zingekuwa safi na mchanga ungekuwa bado umelala."

Kutoka chini ilisikika milio ya cherehani za wasichana.

"So hakufunga," Wangoi alisema.

"Hakufunga. Lakini nikienda kwa polisi na hiyo peke yake, wataniambia ni yeye aliutia huo mchanga. Lazima nijue umetoka wapi."

Mzee Kihara alikuwa na jibu tayari. Aliwapeleka dirishani, akaonyesha jengo lililokuwa likiinuka upande wa pili wa ua, na mbele yake rundo la mchanga lililomwagwa na lori. "Ni huyo. Tumekosana juu ya mpaka. Usiku anaweza panda kwa roof yangu amwage kwa tangi."

Lilikuwa wazo zuri, na Valary alilipa heshima yake yote. Alishuka, akachota mchanga wa jirani kwa mkono, akarudi nao. Aliomba gilasi mbili za maji. Katika ya kwanza alitia mchanga wa jirani, na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Katika ya pili alitia punje za kwenye kinyunyizio. Maji yalibaki vile vile.

"Hiyo imeoshwa na bomba," Kihara akabisha. "Si imekaa kwa maji?"

"Basi tope yake iko kwa tangi. Twende."

Wakapanda hadi paani. Tangi lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu, MAJI YA KUZIMA MOTO, USIGUSE. Walubengo aliteremsha kamera mpaka chini. Mchanga ulikuwepo, umetawanyika kidogo kidogo. Tope halikuwepo hata la kupaka ukucha.

"Huu uliingia ukiwa umeoshwa," Valary alisema. "Mtu mbaya haoshi mchanga, Mzee. Mtu mbaya ana haraka."

Kando ya tangi saruji ilikuwa na alama ya duara, palipokaa kitu kizito kwa muda mrefu. Valary alisimama juu yake.

"Hapa kulikuwa na nini?"

Kihara alivua kofia yake yenye maji na kuitazama. "Pipa ya Nyamai. Ya kazi zake. Bibi yake alikuja akaichukua vile alishikwa. Mimi sikuuliza. Ile siku nilimwajiri nilimwambia kitu moja tu, maji yangu isipotee, na haijawahi potea. Kwa nini niulize?"

*

Mumbua, mke wa Nyamai, alipika muthokoi wa kuuza, mahindi yaliyokobolewa, mlangoni pa nyumba yake huko Kambi Muru, Kibera, na saa nane hiyo wateja walikuwa wamepungua. Valary alijitambulisha bila kuficha: anafanyia bima kazi, anachunguza moto, hajui bado kama atamsaidia mumewe au la.

"Umekula?" Mumbua akauliza.

"Tangu asubuhi, hapana."

"Basi keti kwanza. Mtu wa njaa hasikii vizuri."

Alimpakulia sahani iliyojaa. Valary alikula kwa raha, bila aibu, akafuta sahani. Kisha Mumbua akamletea maji kwenye kikombe, na Valary akaona alikoyachota: chini ya pipa la plastiki lililosimama kwenye mawe matatu, limetobolewa kwa chini, maji yakidondoka ndani ya sufuria. Pipa lilikuwa na upana wa ile alama ya paani. Ndani yake, karibu kujaa, mlikuwa na mchanga mweupe.

"Hiyo maji ni tamu," Valary alisema, na haikuwa hila, yalikuwa matamu.

"Ni ya mchanga." Mumbua alichangamka. "Kwetu Kitui mto ukikauka si tunachimba? Maji ikishapita kwa mchanga, hiyo sasa ni maji. Lakini lazima uuoshe kwanza. Bwana yangu, Baba Wanza, anaosha siku mzima, mpaka ile maji inamwagika ikuwe clear. Hii pipa alikuwa nayo kazini. Akanipigia simu kabla wachukue simu yake, akaniambia, enda ulete pipa yetu."

"Kazini alikuwa anafanya nayo nini?"

Mumbua akaketi, akaweka mwiko magotini. Alikuwa mtu wa kusema, na kwa wiki nzima hakuna aliyemuuliza.

"Madam, Baba Wanza hawezi mwaga maji. Hata ya kuosha sufuria anamwagilia sukuma wiki. Sasa huko kazini wanamwambia, kila ukipima fungua bomba, maji ya nguvu iende kwa mtaro. Kwa mtaro. Kawangware, penye watu wanapanga laini ya mitungi. Siku ya kwanza alikuja nyumbani hakula. Akaniambia, Mumbua, leo nimemwaga maji ungeogesha kijiji. Basi akapeleka pipa. Akipima, anakinga hiyo maji kwa ndoo, anapanda nayo juu, anaipitisha kwa mchanga ibakishe kutu, anaikinga tena, inarudi kwa tangi ikiwa safi kuliko vile ilitoka." Akamtazama Valary. "Sasa hiyo ni makosa?"

Valary aliona uchungu. Alikuwa amemtafuta adui, na kumbe alikuwa ameketi mbele ya uangalifu wa mtu. Alichuchumaa, akapitisha mkono chini ya pipa, akagusa kitambaa kilichozibia matundu. Kilikuwa kipande cha sare ya shule, kwa hakika kiliokotwa kwenye ngazi za Wangoi, na katikati kilikuwa kimechanika. Alipoutoa mkono ulikuwa na punje. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilikuwa bomba.

Hakuhitaji kueleza sana. Mumbua alizitazama punje, akatazama ule mpasuko, akaufikia mwisho mwenyewe.

"Imekuwa ikiingia kwa tangi."

"Kila akipima. Na maji ya kupima inapita ghorofa ya tatu peke yake, mpaka mwisho. So mchanga ulilala huko."

"Ukiwaambia hivi, wanamwachilia ama wanamfunga?"

"Ile ya kufunga valvu inaisha. Muuza viazi hakuona maji kwa sababu maji ilikuwa inapanda juu, haishuki. Lakini hii ingine itaandikwa, na jina yake iko ndani. Kazi anaweza poteza. Sitakudanganya."

Mumbua aliugeuza mwiko mikononi. Kuku wa jirani alipita, akadonoa punje za muthokoi, hakuna aliyemfukuza. Valary hakumharakisha, pipa lilikuwa la nyumba hii, na bila pipa hakuwa na kitu cha kuonyesha.

"Ichukue," Mumbua akasema mwishowe. "Afadhali akae hapa bila kazi."

Alikinga maji yaliyobaki kwenye mtungi mpaka pipa likaacha kudondoka, ndipo akasaidia kulibeba.

*

Inspekta Kimotho alikuwa mtu wa utaratibu, na hakupenda pipa mezani kwake.

"Liwekwe chini," aliagiza. "Madam Awiti, mimi sina ubishi na wewe. Nionyeshe tu."

Valary alimwonyesha. Alimpa kinyunyizio na sindano, akamwacha adunge mwenyewe. Walubengo alionyesha picha za kamera. Kimotho alidunga kinyunyizio kimoja, cha pili, cha tatu, akaegemea kiti.

"Hii imesukumwa," alikiri. "Kwa hivyo maji yalikuwako."

"Valvu ilikuwa wazi, Afande."

"Na kwa nini huyu mtu asiseme? Nimemuuliza maji ilienda wapi mpaka nikachoka."

"Mwite tumuulize."

Nyamai aliletwa pekupeku, suruali ameishika kwa mkono kwa kuwa viatu na mshipi vilichukuliwa mapokezi. Alikuwa mrefu, mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alipoliona pipa lake alisimama.

"Nyamai," Kimotho alisema, "hii maji ulikuwa unarudisha kwa tangi, mbona hukuniambia?"

"Imeandikwa usiguse, Afande. Niliona nikisema nitakuwa mwizi wa maji."

"Ukaona afadhali uitwe mtu alitaka kuchoma wamama?"

"Hiyo sikuwa nimefanya," Nyamai alisema. "Nilijua haiwezi nishika. Hii ya maji ndiyo nilifanya."

Kimotho aliweka kalamu chini. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amesikia utetezi mwingi, na huu haukuwa na rafu ya kuwekwa.

Valary alimweka Nyamai kwenye benchi, akamwambia yote kwa mpangilio: kitambaa kilichochanika, tangi, bomba la ghorofa ya tatu, vinyunyizio vilivyoziba. Alimmwagia punje kiganjani. Nyamai alizisugua kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Ni wangu," alisema. "Niliuosha mwenyewe." Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Na second floor? Wale wasichana bado wanashona huko?"

"Bado," Walubengo akajibu. "Nimepitia line yao yote leo, na maji ikiwa ndani. Hakuna kitu. Kesho tutafunga ya ghorofa ya tatu peke yake, ikiwa haina mtu, tusukume mchanga utoke. Hizo zingine zitabaki zikifanya kazi."

Nyamai alipumua, mabega yakashuka. Akaomba kalamu ili aandike taarifa upya, na Valary alimwona akiandika kila kitu, pamoja na yale ambayo hakuna aliyemuuliza. Kimotho aliisoma, akaenda kuzungumza na mkubwa wake, akarudi akisema kwamba kosa la kufunga valvu halipo tena na kesho hakuna safari ya korti.

Ni wakati huo Wangoi alipoingia, futi bado shingoni. Alikwenda moja kwa moja kwa Inspekta.

"Mimi nilisema nilimwona ameshika valvu. Hiyo ni ukweli na siibadilishi. Ya kwamba alifunga, hiyo ni nyinyi mlisema."

"Imeshaisha, mama," Kimotho alisema.

Wangoi akageuka. Nyamai alisimama, mkono mmoja kwenye suruali, mwingine bado umefumba zile punje.

"Mama, ni mchanga wangu ulifanya hivyo," alisema. "Zile nguo zako ni mimi."

"Nimeambiwa."

"Sijui nitakulipaje."

"Ya nguo tutaongea. Nataka kukukasirikia vizuri, na siwezi ukiwa huku ndani." Wangoi alivuta pumzi. "Nimetoka kuongea na Kihara. Anataka kuleta fundi wa nje kesho. Wale wasichana wa chini wamekataa. Wamesema hawaketi chini ya hiyo bomba mpaka Baba Wanza aseme iko sawa."

Nyamai alimtazama kana kwamba hakuelewa lugha.

"Mimi?"

"Wewe. Mwingine ni nani alikuwa anaipima hata kama hakuna mtu anaangalia?"

Macho ya Nyamai yalijaa, na hakujaribu kuyaficha. Valary alikuwa na furaha tele, na kwa kuwa alikuwa ameshiba hakuona sababu ya kujizuia kutabasamu mbele ya polisi. Nyamai alijifuta uso kwa bega, akageukia afisa wa mapokezi aliyesimama mlangoni.

"Afande," alisema, "nipe viatu zangu."